Namna ya kuipima zahanati ya mtaani kwako kabla hujaumwa (kwa watu wa Tanga)

Swali ni lile lile kila siku, leo kaniuliza dada aliyehamia Mikanjuni, kesho kijana aliyepanga chumba Ngamiani, eti hapa zahanati gani nzuri? Na majibu wanayopewa nayo ni yale yale, nenda kwa fulani dawa zake kali, nenda pale wana kiyoyozi, kule usiende foleni ndefu. Jamani, dawa kali sio sifa ya zahanati, na kiyoyozi hakijawahi kumtibu mtu malaria. Zahanati unaweza kuipima mwenyewe bila kusomea udaktari, unachohitaji ni macho, daftari na kutoona haya kuuliza.

Nadharia nakupa moja tu alafu tunaingia kazini. Mwaka 1966 daktari mmoja anaitwa Avedis Donabedian aliandika kwamba ubora wa huduma ya afya unautazama sehemu tatu: vitu vilivyopo (jengo, watu, vifaa), mambo yanayofanyika, na matokeo. Wengi wetu tunaishia kwenye lile la kwanza kwa sababu ndo linaonekana ukiwa barabarani kwenye bajaji. Mimi nataka ukae sana kwenye la pili, yaani daktari anafanya nini kabla hajashika kalamu kuandika dawa. Hapo ndo utaijua zahanati.

Vya kuandaa kabla hujaanza

- Daftari dogo na kalamu. Simu nayo inafaa ila ukiwa unaandika andika kwenye simu chumbani kwa daktari watu wanahisi unarekodi, wanakuwa wagumu.
- Saa.
- Orodha ya dawa unazotumia sasa hivi, hata za presha na hata za miti shamba, pamoja na dawa zinazokudhuru kama zipo.
- Kadi ya bima kama unayo, na kadi ya kliniki kama unaenda na mtoto au una mimba.
- Majina ya zahanati au vituo viwili vitatu unavyoweza kufika hata usiku. Cha serikali kimoja na cha binafsi kimoja ni mwanzo mzuri.
- Sababu ndogo ya kwenda: kupima presha, kikohozi kisichoisha, kipele, mtoto kupima uzito. Nenda ukiwa na nguvu zako, mtu mwenye homa ya digrii 39 hawezi kupima ubora wa kitu chochote.

Onyo la kwanza kabisa. Mtoto ambaye hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege au amelegea haamki vizuri, huyo hatumfanyii majaribio ya zahanati. Mbebe umpeleke hospitali iliyo karibu sasa hivi. Na mtu mzima mwenye maumivu makali ya kifua, aliyepooza upande ghafla au mjamzito anayetoka damu ni hivyo hivyo. Mwongozo huu ni wa siku za kawaida.

Hatua ya 1: Jua unachokipima ni nini

Zahanati ndo ngazi ya chini, juu yake kipo kituo cha afya, alafu hospitali ya wilaya, alafu hospitali ya rufaa ya mkoa ambayo kwetu ni Bombo. Ukiilaumu zahanati kwa sababu haina eksirei wala haifanyi upasuaji unaionea, sio kazi yake. Kazi yake ni magonjwa ya kawaida, kliniki ya mama na mtoto, chanjo, vipimo vidogo, kuzalisha uzazi usio na shida, na kujua lini mgonjwa amezidi uwezo wao. Hilo la mwisho lishike, tutalirudia.

Pia sio kila mwenye koti jeupe ni daktari. Zahanati nyingi anayekuona ni tabibu, amesoma stashahada, na wako matabibu wanaomsikiliza mgonjwa vizuri kuliko madaktari wenye digrii zao. Usimhukumu kwa cheo. Ila una haki ya kuuliza, "Samahani daktari, wewe ni daktari au tabibu, na jina lako nani?" Anayejiamini anajibu tu.

Na duka la dawa muhimu sio zahanati. Halitakiwi kukuchoma sindano wala kukutundikia dripu nyuma ya pazia. Najua kuna mitaa watu wanafanya hivyo kwa sababu ni karibu na hakuna foleni, lakini ikitokea dawa imekukataa mwili pale hakuna mtu wa kukuokoa.

Hatua ya 2: Soma ukuta

Ukiingia usikae kwanza. Zunguka usome. Kituo cha binafsi kinatakiwa kiwe kimesajiliwa na Wizara ya Afya na cheti kiwe mahali kinapoonekana. Tafuta na bei za huduma, saa za kazi, mkataba wa huduma kwa mteja, namba ya kulalamikia. Kituo cha serikali uliza kama kuna jina la mganga mfawidhi, huyo ndo mkubwa wa pale, utamhitaji baadae.

Kama hakuna cheti popote uliza mapokezi kwa upole kiko wapi. Kikiwa "kipo kwa bosi" leo, na wiki ijayo bado kipo kwa bosi, umeshapata jibu. Wataalamu wenyewe nao wana mabaraza yao, madaktari na matabibu wako chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, manesi na wakunga wana Baraza la Uuguzi na Ukunga, kwahiyo mtu akikwambia yeye ana leseni yake hilo ni jambo linaloweza kuhakikiwa, sio siri.

Wizara pia ilianza mwaka 2015 kuvipima vituo na kuvipa nyota, kuanzia sifuri mpaka tano. Ukiuliza kituo kilipata nyota ngapi na kwa nini, jibu lenyewe litakuonyesha kama watu wa pale wanajali. Ila usinunue nyota peke yake, watumishi wanahama na hali inabadilika.

Hatua ya 3: Kaa kwenye benchi

Andika saa uliyofika. Sasa tulia, acha simu, angalia.

Kitu cha kwanza cha kutazama: anapoingia mgonjwa mahututi, nani anamuona? Zahanati nzuri nesi anapita kwenye benchi mara kwa mara, anamgusa mtoto paji la uso, anauliza mama, "huyu ananyonya?", na mtoto aliyelegea anapitishwa mbele bila mtu kugombana. Zahanati mbovu kila mtu anafuata namba yake hata kama anakufa. Hii mimi naiweka juu kuliko urefu wa foleni. Foleni ndefu kwenye kituo cha serikali mara nyingi inamaanisha watu wengi na wahudumu wachache, haimaanishi huduma mbaya. Benchi tupu nalo sio sifa, majirani huenda wanajua kitu wewe hukijui.

Alafu nenda chooni hata kama huna haja. Maji yapo? Sabuni ipo? Mtumishi aliyetoka chooni anaosha mikono wapi?

Na sikiliza mapokezi. Kuna sehemu mhudumu anapaza sauti toka dirishani, "wewe wa kipimo cha kaswende njoo uchukue majibu!" na benchi zima limegeuka, na Tanga hii tunajuana wote, kabla hujafika nyumbani habari ishafika kibarazani. Mahali ambapo siri yako inatangazwa hivyo hutaweza kusema ukweli chumbani, na daktari asiyeambiwa ukweli hawezi kukutibu.

Kosa la kawaida hapa: watu wanahukumu kwa rangi ya ukuta na vigae. Nimeona vizahanati vya bati lililofubaa ambapo nesi ananawa kila baada ya mgonjwa, na nimeona vyenye vioo na televisheni ambapo sijui kama kuna anayenawa.

Hatua ya 4: Chumbani kwa daktari (hapa ndo penyewe)

Angalia mambo manne: ameuliza, amegusa, amepima, ameeleza. Ukitoka andika kila moja, ndiyo au hapana.

*Ameuliza.* Imeanza lini, ikoje, umetumia dawa gani, una mzio wa dawa, una ugonjwa mwingine, mwanamke anaulizwa siku zake na kama ana mimba. Kama umeingia ukasema "nina homa" na kabla hujakaa vizuri kalamu inatembea, andika hapana. Na kama ameuliza lakini macho yapo kwenye simu, andika hapana vile vile, mimi sioni tofauti.

*Amegusa.* Anayekohoa anasikilizwa kifua, na kile kipimo cha kuvaa masikioni kinawekwa kwenye ngozi, sio juu ya koti na fulana mbili. Anayeumwa tumbo anabonyezwa tumbo amelala kitandani. Mtoto anayekohoa anahesabiwa pumzi dakika nzima, nguo imefunuliwa, ametulia, halii. Na namba zipo: mtoto wa miezi 2 mpaka 12 akifika pumzi 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka mmoja mpaka mitano akifika 40 au zaidi, hizo ni pumzi za haraka na nimonia inafikiriwa. Hapo hakuna mashine inayohitajika, ni saa na macho tu, kwahiyo zahanati isiyofanya haiwezi kusingizia bajeti. Mimi hiki ndo kipimo changu nikimpeleka mtoto mahali kwa mara ya kwanza, natazama kama kuna mtu ataangalia saa.

*Amepima.* Chukua presha maana kila mtu anapimwa na wengi wanapimwa vibaya. Inavyotakiwa: umepumzika kama dakika tano, umeegemea kiti, miguu iko chini haijakunjwa nne, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, mkanda umefungwa kwenye mkono mtupu na unakutosha, huongei, na inarudiwa mara ya pili. Sasa nenda kaangalie inavyofanyika. Bibi ameshuka kwenye bodaboda, amepanda ngazi, anahema, nesi anamfunga mkanda juu ya mkono wa baibui, huku anamuuliza habari za wajukuu na bibi anajibu, namba inatoka 168, bibi anaambiwa una presha anaandikiwa dawa. Hapo hapo! Inawezekana kweli anayo, lakini kwa kipimo kile hakuna anayejua. Ukiona nesi anasema, "Shikamoo bibi, kaa kwanza upumzike, nitakuja," alafu anarudi na kumwomba apandishe mkono wa baibui, andika jina la zahanati hiyo kwa herufi kubwa. (Na wewe mwenyewe usiende kupima umetoka kunywa kahawa chungu kibarazani, subiri angalau nusu saa.)

*Ameeleza.* Unatoka unajua unaumwa nini au anadhani unaumwa nini, dawa hii ya nini, na ukiona dalili gani urudi haraka. Daktari akikwambia "sina uhakika bado, tupime hiki kwanza" mpe alama ya juu, huyo anafikiri. Wengi wetu tunamuona hajui kazi, tunamkimbilia yule anayekutajia magonjwa matatu kwa mpigo, malaria, taifodi na UTI, kila mgonjwa anayeingia anatoka na hayo hayo matatu.

Hatua ya 5: Maabara

Kwa pwani yetu homa yoyote tunaisema malaria, na kweli malaria ipo, ila utaratibu ni kupima kwanza ndo kutibu. Kipimo cha haraka ni kile kidude cheupe cha plastiki chenye herufi C na T. Mhudumu anapasua pakiti mbele yako, anakutoboa kidole, anaweka tone la damu kwenye tundu lake na matone ya maji ya kipimo kwenye tundu lingine, anaandika jina lako au namba juu yake, anaangalia saa. Majibu yanasubiriwa dakika 15 mpaka 20 kutegemea na aina. Mstari mmoja kwenye C, hakuna malaria iliyoonekana. Miwili, C na T, ipo. Kama C haina mstari kipimo kimeharibika, kinarudiwa, haijalishi T inasema nini. Omba ukione, ni damu yako.

Makosa ya kuangalia: vidude vitano mezani havina majina, majibu kutoka baada ya dakika mbili, na lile kubwa kuliko yote, kipimo kinasema huna alafu unaandikiwa dawa ya malaria "kwa usalama". Kama kipimo hakiheshimiwi mbona umelipishwa?

Kipimo kikisema huna malaria ndo utajua daktari anafikiri au hafikiri. Mwaka 2019 dengi ilipiga Dar es Salaam na huku Tanga tukaipata, na mgonjwa wa dengi hatakiwi kupewa diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini kwa sababu ya hatari ya kutoka damu, anapewa panado, maji mengi na kufuatiliwa. Kwahiyo mwenye homa kali, viungo vinauma, malaria hana, alafu anachomwa sindano ya diklofenaki bila swali lolote, hapo nina wasiwasi sana na hiyo zahanati.

Taifodi nayo. Kile kipimo cha Widal kikifanywa mara moja tu hakitoshi kusema una taifodi, kinaweza kuonyesha hata kwa mtu aliyeumwa zamani au mwenye maambukizi mengine. Kipimo cha kutegemewa ni kuotesha damu, yaani damu inawekwa maabara kuona kama vijidudu vitaota, na zahanati nyingi hawana. Sio kosa lao kutokuwa nacho, kosa ni kukwambia kwa uhakika kabisa kwamba una taifodi na kukuuzia sindano za wiki nzima.

Majibu omba kwa maandishi, yenye jina lako na tarehe.

Hatua ya 6: Cheti cha dawa

Hesabu dawa. Moja moja uliza, hii ya nini? Daktari mzuri anakujibu kila moja kwa sentensi moja. Ukiwa na mafua ya kawaida na umeandikiwa amoksilini, flajili, sindano na vitamini, kuna mtu analipwa kwa wingi wa dawa. Mafua yanaletwa na virusi, antibayotiki hazivigusi, na ukizizoea bila sababu wadudu wanazizoea pia, siku unazihitaji kweli hazifanyi kazi.

Mtoto anayeharisha bila damu, dawa zake za kwanza ni ORS (ule unga wa kuchanganya na maji ya kunywa) na zinki, zinki inatolewa siku 10 mpaka 14. Ukipewa flajili tu na ORS haijatajwa, andika.

Dripu! Watu wa huku tunapenda dripu jamani, mtu asipotundikiwa anaona hajatibiwa. Dripu ni kwa aliyeishiwa maji asiyeweza kunywa, au dawa inayolazimika kupita mshipani. Kama unaweza kunywa maji ya dafu unaweza kunywa maji na ORS. Zahanati inayotundika kila mtu inauza maji ya chumvi.

Kwenye dirisha la dawa angalia tarehe ya kuisha, angalia kama kwenye bahasha wameandika jina la dawa, vidonge vingapi na saa ngapi. Dawa mseto ya malaria aina ya ALu ni dozi sita kwa siku tatu, ya pili inaliwa yakipita masaa nane baada ya ile ya kwanza, zinazofuata kila baada ya saa kumi na mbili, na inaingia mwilini vizuri ukiila na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Anayekwambia tu "mbili mara mbili" na kukusukumia bahasha hajamaliza kazi yake. Muulize, mwachie nafasi aeleze, wengi wanajua ila wamechoka.

Hatua ya 7: Sindano na mikono

Hii fupi. Sindano inafunguliwa toka pakiti mpya mbele ya macho yako. Ikishatumika inatupwa hapo hapo kwenye boksi maalum la vitu vyenye ncha, hairudishwi kifuniko, haiachwi mezani. Glovu zinabadilishwa kwa kila mgonjwa, na mikono inanawiwa au inapakwa kitakasa hata kama glovu zilivaliwa. Ukiona moja ya hizo haifanyiki sema, "Sista samahani, naomba unifungulie mpya nione." Akikataa ondoka.

Hatua ya 8: Pesa

Risiti kwa kila shilingi. Vituo vya serikali malipo yanaenda kwa namba ya malipo au mashine, sio mfukoni mwa mtu kwenye korido. Kwa sera ya nchi wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wanasamehewa gharama kwenye vituo vya serikali, uliza utaratibu ukoje hapo, na kama dawa haipo waelezwe kwamba haipo, wasizungushwe. Wa binafsi uliza bei kabla ya kipimo, sio baada. Mwenye bima aulize nini hakilipiwi.

Hatua ya 9: Rudi, na uone wanavyokupa rufaa

Mara moja haitoshi, siku moja inaweza kuwa mbaya kwa mtu yeyote. Rudi siku nyingine, ikiwezekana saa tofauti, jioni au Jumapili. Angalia kama faili lako linaonekana na kama aliyekuona anasoma kilichoandikwa mwanzo au anaanza upya kama hujawahi kufika.

Na uliza swali hili, "Mgonjwa akizidiwa hapa usiku mnafanyaje?" Wazuri wana jibu limenyooka: tunampa huduma ya kwanza, tunaandika barua ya rufaa, tunapiga simu, anaenda Bombo kwa gari fulani. Barua ya rufaa iwe imeandikwa dawa alizopewa na saa ngapi. Zahanati inayojisifu kwamba haijawahi kutoa rufaa inanitisha kuliko inayotoa kila wiki, maana magonjwa makubwa yanaingia kila mlango, kwahiyo wale wagonjwa walienda wapi?

Wajawazito, hapa ndo mkaze. Kliniki presha inapimwa kila hudhurio, na uliza damu na mkojo vinapimwa lini, na unaambiwa dalili za hatari: kutoka damu, kichwa kuuma sana na kuona maruweruwe, uso na mikono kuvimba, mtoto kuacha kucheza. Kama umehudhuria mara mbili na hakuna aliyekutajia hata moja, badilisha kliniki mapema mimba ikiwa bado ndogo.

Hatua ya 10: Kuamua

Usijumlishe alama ukagawanya. Kuna makosa ambayo moja tu linatosha kukuondoa: sindano iliyotumika, hakuna usajili, dawa bila kuulizwa wala kuguswa na imejirudia, rushwa, siri kutangazwa. Na kuna yanayovumilika: foleni, viti vibovu, nesi mwenye uso wa ukali lakini kazi yake safi, dawa kukosekana siku moja moja. Kama wameuliza, wamegusa, wamepima na wameeleza, na mikono ni misafi, hiyo ni zahanati yako hata kama iko ndani uchochoroni.

Ukikwama

*Daktari amekasirika nilipomuuliza.* Badilisha namna ya kuuliza. Badala ya "kwa nini umeniandikia hii?" sema, "Daktari naomba unieleweshe nikafuate vizuri nyumbani." Wengi wanalainika. Asiyelainika hata hapo usimpelekee mwanao.

*Nimepimwa zahanati mbili, moja imesema nina malaria nyingine sina.* Uliza kila sehemu walitumia kipimo gani. Kama ulishatibiwa malaria wiki chache nyuma, kile kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha ipo wakati umeshapona, hapo unaomba damu itazamwe kwa darubini. Na kama homa inaendelea usibishane na karatasi, nenda ngazi ya juu.

*Zahanati ni moja tu, iko mbali, sina pa kuchagua.* Huko Pongwe ndani na vijiji vya Mkinga wengi ndo hali yao. Basi itumie ukiwa na maswali yako mkononi, na shughulikia mambo mawili tu kwanza, sindano mpya na kupimwa kabla ya dawa. Kituo cha serikali kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe wa jamii, mwenyekiti wa kijiji au mtaa anawajua, muulize ni nani na uwapelekee hoja yako.

*Majirani wanaisifu, mimi nimeona mabaya.* Waulize wanaisifu kwa lipi. Mara nyingi utasikia "wanatoa dawa nyingi" au "daktari mcheshi". Ucheshi ni mzuri lakini rudi kwenye daftari lako.

*Nimefanyiwa vibaya, nimlalamikie nani?* Anza na mganga mfawidhi siku hiyo hiyo, taja tarehe, saa, chumba na kilichotokea, matusi weka pembeni. Lisipoisha andika kwa Mganga Mkuu wa Jiji au wa halmashauri yako, bakisha nakala. Wizara ya Afya wana namba ya bure 199. Ukiombwa rushwa ni TAKUKURU, 113, nayo ni bure. Sanduku la maoni litumie ila usitegemee peke yake.

*Nimeshaipenda zahanati yangu, nipime tena lini?* Ukisikia mganga mfawidhi amehamishwa, au yule tabibu mliyemzoea ameondoka, au mwenye zahanati ameuza. Usiende na faili la zamani kichwani, kaa tena kwenye benchi, anza hatua ya 3.